Riba ya Kampala Inashuka, ya Busia Haishuki

Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa mpakani, Busia, Uganda, Desemba 2025

Mwenyekiti wetu, wazee, akina mama wa nafaka na wa mukene (dagaa), madereva mliotoka kwenye foleni ya malori kuja hapa, vijana wa kubadili fedha, na ndugu zetu mliovuka kutoka ng'ambo, hamjambo. Asanteni kwa kunialika.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie hali ya uchumi wa dunia. Dunia ni kubwa, na muda mlionipa ni saa moja, tena ninasikia harufu ya pilau kutoka kule nyuma. Kwa hiyo nitaanzia kwenye swali ambalo katibu wenu aliniuliza kwa simu, kwa sababu naona ndilo mnalolitaka hasa. Alisema hivi: redio inatwambia kila baada ya miezi michache kwamba Benki Kuu imeiacha riba yake pale pale, asilimia 9.75, tangu Oktoba 2024. Mfumuko wa bei uko chini ya asilimia 4. Juma lililopita Marekani nao wameshusha riba yao. Mbona basi mimi nikienda benki hapa mjini naambiwa asilimia 18, wakati mwingine 20, na asiye na hati ya kiwanja anaambiwa zaidi ya hapo? Hizo habari njema zinakwama wapi?

Swali zuri. Jibu lake linapitia Washington, Nairobi na Kampala kabla ya kufika hapa, na safari nzima nitaieleza, lakini hitimisho nawapa mapema ili mwenye kusinzia asipitwe: zinakwama Kampala, kwenye bajeti.

Riba hii ya Benki Kuu ni changa kuliko wengi wenu. Ilianza kutumika Julai 2011. Kabla ya hapo Benki Kuu ilikuwa inahesabu wingi wa fedha kwenye mzunguko na kujaribu kuudhibiti. Tangu 2011 inatangaza riba moja elekezi, nayo hiyo inaongoza bei ya mikopo ya muda mfupi sana ambayo mabenki hukopeshana, ya siku saba hivi. Lengo lake ni mfumuko wa bei ukae karibu na asilimia 5. Bei zikianza kukimbia, riba inapandishwa ili watu wakope kidogo na wanunue kidogo. Bei zikitulia, inashushwa. Mkopo wako wa kununua mahindi hautajwi popote hapo. Unatarajiwa kufuata nyuma, na ndipo maneno yalipo.

Sasa twende Washington kwanza.

Mnakumbuka mwaka 2022. Urusi iliingia Ukraine mwezi Februari, na pipa la mafuta ghafi likapita dola 120. Huku kwetu tulikuwa hata hatujapumua, kwa sababu Januari ile ile madereva waligoma hapa na Malaba juu ya vipimo vya korona, na petroli ikauzwa bei ambayo sitaki kuwakumbusha. Indonesia nayo ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei, na sabuni ya mche ikawa kitu cha kununua kwa vipande. Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei Uganda ulifika asilimia 10.7. Benki Kuu ilikuwa imeanza mwaka na riba ya 6.5, ikaumaliza na 10.

Wamarekani nao walikuwa na mfumuko wao. Juni 2022 ulifika asilimia 9.1, na kwa nchi iliyozoea asilimia 2 hiyo ilikuwa kelele. Benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Sasa jiwekeni katika nafasi ya mtu mwenye mamilioni ya dola huko London au New York. Miaka yote ile riba ya kwao ilipokuwa sifuri, alikuwa tayari kuleta fedha zake Kampala, Nairobi, Accra, anunue hati fungani za serikali zetu, yaani azikopeshe kwa miaka kadhaa, apate asilimia 15. Hatari ipo, lakini faida inamtuliza. Siku serikali ya Marekani inapomlipa asilimia 5 bila hatari, anaanza kuuliza: kwani mimi ninatafuta nini Afrika? Anauza shilingi, ananunua dola, anaondoka. Wakifanya hivyo wengi, dola inapanda kila mahali kwa pamoja. Septemba 2022 dola ilikuwa na nguvu ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka ishirini. Ghana ilisimamisha kulipa madeni yake ya nje Desemba 2022. Sri Lanka ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka huo huo. Zambia walitangulia 2020, na Ethiopia wakafuata Desemba 2023.

Uganda haikuanguka. Sababu moja ambayo wachumi wetu hawapendi kuisifu, kwa kuwa haikutokana na ujuzi wa mtu yeyote, ni kwamba hatukuwa na hati fungani za dola katika masoko ya Ulaya. Jirani yetu alikuwa nazo. Hapo ndipo hadithi inapoingia Busia kwa miguu.

Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika soko la nje, za kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Mwaka 2023 wote watu wakawa wanaulizana: watazitoa wapi? Kadiri swali lilivyoendelea bila jibu, ndivyo shilingi ya Kenya ilivyoshuka. Ilikuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022. Januari 2024 ikawa karibu 160.

Ninyi hamkuhitaji kusoma gazeti kulijua hilo. Mlilijua pale kwa vijana wa kubadili fedha. Shilingi moja ya Kenya iliyokuwa ikikupa kama 32 za Uganda ilishuka ikawa kama 24. Tuipigie hesabu, kwa sababu bila hesabu haya yote ni maneno ya runinga. Mama anavusha mahindi, anauza upande wa pili kwa shilingi 100,000 za Kenya. Kwa kiwango cha 32 anarudi na milioni 3 na laki 2. Kwa kiwango cha 24 anarudi na milioni 2 na laki 4. Mahindi ni yale yale, uzito ule ule, mnunuzi yule yule, kijana wa mkokoteni hakupunguza ujira wake. Laki 8 zimepotea katikati ya barabara, na aliyezichukua haonekani. Mkulima wa Bugiri au Iganga aliyemuuzia mahindi anataka bei ile ile ya zamani kwa shilingi za Uganda. Wengi walikula mtaji hapo, na nimesikia baadhi yenu mkilaumu wabadili fedha. Vijana hawa hawakuhusika, wao wanaifuata Nairobi inavyokwenda.

Na upande mwingine wa barabara kulikuwa na furaha. Aliyekuwa akinunua plastiki, unga wa ngano, sabuni na sukari kutoka Kenya kuja kuuza Tororo na Mbale alipata bidhaa kwa bei nafuu miaka ile. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama shilingi kupanda ni vizuri au vibaya, kwanza muulize anauza nini, na anauzia upande gani.

Halafu Februari 2024 mambo yakageuka kwa siku chache. Kenya ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 na kuanza kulilipa lile deni kabla ya siku yake. Mwezi huo huo ikauza hati fungani ya miundombinu kwa shilingi zake yenyewe, riba asilimia 18.46, bila kodi. Wawekezaji wa nje waliikimbilia. Shilingi ya Kenya ikaruka kutoka 160 hadi kama 130 kwa dola katika majuma machache, na hapo imekaa mpaka leo.

Fedha zilizoikimbilia Nairobi zilitoka wapi? Nyingine zilitoka Kampala. Wawekezaji waliokuwa wameshika hati zetu waliziuza, wakanunua dola, wakavuka. Shilingi yetu ikayumba, ikasogea juu ya 3,900 kwa dola. Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 10 Machi 2024, kisha 10.25 Aprili. Tazameni mwendo huo: mfumuko wa bei wetu wakati ule ulikuwa chini kabisa, asilimia 3 na kitu. Hakuna aliyekuwa ananunua kupita kiasi hapa Busia. Riba yenu ilipandishwa kwa sababu serikali ya jirani ilikuwa na deni linaloiva, na kwa sababu Washington walikuwa bado hawajashusha yao. Mtu asiwaambie kwamba uchumi wa dunia ni jambo la watu wa mbali.

Wazee mliopo mnajua haikuwa hivi tangu zamani. Hadi 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, ikitolewa na bodi moja, na mtu alivuka hapa na noti ile ile mfukoni. Mwaka ule kila nchi ikafungua benki kuu yake. Itifaki ya kurudisha sarafu moja ilitiwa saini Kampala Novemba 2013 na ikaahidi 2024. Mwaka 2024 umepita, sasa wanasema 2031. Mimi sina haraka. Sarafu moja maana yake ni kwamba deni la Nairobi lingekuwa deni letu pia, na la Kampala lingekuwa lao. Kwanza bajeti zipate adabu.

Nikitaja bajeti nimefika kwenye jambo lenyewe.

Tangu Septemba 2024 Marekani wanashusha. Juma lililopita wamefika kati ya 3.50 na 3.75. Kenya wameshusha mara nyingi mfululizo kutoka 13 hadi 9. Tanzania wako kwenye 5.75. Sisi tulishusha Agosti na Oktoba 2024 tukafika 9.75, tukasimama. Upepo wa dunia umegeuka, na kwa haki mikopo ingepaswa kushuka. Lakini tazameni ushahidi wa miaka ya nyuma. Juni 2021, wakati wa korona, Benki Kuu ilishusha riba yake hadi 6.5, chini kuliko wakati wowote tangu ianze. Mikopo ya shilingi ilishuka hadi ngapi? Ilizunguka pale pale, kati ya 17 na 20. Leo elekezi iko 9.75, mikopo iko kama 18. Ukipandisha inasikia haraka. Ukishusha haisikii.

Fikirini soko la mahindi siku ya gulio. Wanunuzi wadogo mmekuja na baiskeli na mikokoteni, mnabembeleza bei. Mara linaingia lori kubwa, mwenye lori ana fedha taslimu, hapunguzi bei, anachukua gunia lolote, na kila juma anarudi. Muuzaji atakusubiri wewe wa baiskeli unayeomba kulipa nusu leo na nusu Ijumaa? Katika soko la fedha Uganda, mwenye lori ni serikali. Bajeti ya mwaka huu wa fedha ni shilingi trilioni 72.4. Kodi hazifiki huko. Pengo linakopwa, na sehemu kubwa inakopwa humu humu ndani, kwa mabenki, kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mtu yeyote mwenye fedha. Hati ya hazina ya mwaka mmoja inalipa kama asilimia 15. Hati fungani ya miaka kumi inalipa asilimia 16 na zaidi.

Sasa kaeni kwenye kiti cha meneja wa tawi. Mbele yake kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia. Anaweza kuugua, kuibiwa, mzigo wake kushikiliwa mpakani, au Kenya kuamka siku moja na kuzuia mahindi kama walivyofanya Machi 2021 kwa habari ya sumukuvu. Upande wa pili kuna serikali, inayotaka mabilioni kwa asilimia 15 au 16, haiugui, na ikikwama inaweza kukopa tena ikulipe. Ili meneja akukopeshe wewe, ni lazima umpe zaidi ya anachopewa na serikali, tena zaidi sana, kwa sababu ya hatari. Hesabu ya asilimia 20 imetoka hapo. Riba ya Benki Kuu inaweza kushuka hadi 8 kesho asubuhi. Madhali serikali inakopa kwa 16, wewe hutapata kwa 14. Hakuna meneja mwenye akili timamu atakayekupa.

Ndiyo maana ninakuwa mgumu kuwalaumu watu wa Benki Kuu. Wao wanalinda bei, na wamezilinda. Mfumuko wa asilimia 3 na kitu kwa mwaka mzima, wakati dunia imetikisika hivi, si kazi ndogo. Lawama yangu naipeleka Wizara ya Fedha na Bungeni. Katika bajeti ile ya trilioni 72, zaidi ya trilioni 10 zinakwenda kulipa riba tu. Hapo deni lenyewe halijaguswa. Deni la umma limepita shilingi trilioni 100, na karibu nusu yake ni la ndani. Wakubwa wanapenda kusema deni la ndani ni salama kwa kuwa tunadaiwa na sisi wenyewe. Ni kweli kwamba halina hatari ya dola. Lakini "sisi wenyewe" wanaodai ni mabenki na mifuko, na "sisi wenyewe" wanaolipa ni ninyi, kwa kodi, halafu tena kwa riba ya asilimia 20.

Kuna jambo moja ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, parokia ya utawala na si ya kanisa, ulipozinduliwa Kibuku Februari 2022. Kaya inakopeshwa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Wengi wenu mna ndugu waliopata, wakanunua kuku au nguruwe, na siwaonei wivu. Lakini serikali inayokopa kwa 16 na kukopesha kwa 6 inalipa tofauti ile kutoka mahali fulani. Inailipa kwa kukopa zaidi, na ukopaji ule ndio unaoiweka juu riba ya mwenye duka asiye kwenye mpango. Mkono mmoja unampa jirani yako mkopo nafuu na mkono wa pili unakupandishia wewe wa kwako. Mbunge akija kampeni, muulizeni hilo.

Kwa kuwa nimetaja kampeni. Uchaguzi ni Januari 15, na watu wananiuliza kama yatarudi yale ya 2011. Mwaka ule, kabla ya uchaguzi, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya shilingi bilioni 602, na serikali ikatoa dola milioni 740 kununua ndege za kivita, fedha zilizotoka kwenye akiba ya fedha za kigeni. Ukame ukaja juu yake, na bei ya chakula duniani ikapanda. Oktoba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 30. Benki Kuu chini ya marehemu Gavana Tumusiime-Mutebile ikapandisha riba yake changa hadi 23. Mabenki yakawaandikia wakopaji barua kwamba riba mpya ni 27, wengine 30, kwa mikopo waliyokwisha kuchukua. Mwanzoni mwa 2012 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa hasira. Mfumuko ulishuka, lakini kuna watu waliouza nyumba zao na hawajazirudisha.

Mimi sitarajii 2011 nyingine. Uchaguzi wa 2016 na wa 2021 ulipita bila bei kuruka namna ile. Akiba ya fedha za kigeni iko katika hali nzuri, bei ya mafuta ghafi imeshuka hadi kama dola 60 kwa pipa, na mavuno hayakuwa mabaya. Ninachotazamia ni kitu cha polepole zaidi: kukopa kunaendelea, hati zinaendelea kulipa asilimia 15 na 16, na mikopo yenu inakaa 18 hadi 20 kwa mwaka 2026 wote. Msipange biashara kwa kutegemea kwamba riba itashuka.

Shilingi yetu je? Iko kati ya 3,500 na 3,600 kwa dola, na imepata nguvu mwaka huu. Wengine wanaandika magazetini kana kwamba ni muujiza. Sababu zinaonekana. Kwanza kahawa. Ukame Vietnam na Brazil ulipandisha bei ya robusta hadi ikapita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024 na mwanzo wa 2025. Mwaka wa fedha ulioisha Juni kahawa yetu ilituletea zaidi ya dola bilioni 2 kwa mara ya kwanza, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Wazee wa mpaka huu wanaujua mchezo huo tangu baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil Julai 1975 na kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya, wakati matajiri wa enzi ya Amin walioitwa mafuta mingi walipojenga nyumba ambazo nyingine bado zimesimama. Safari hii angalau fedha imepita mlango wa mbele, na mkulima wa Sipi na wa Masaka wameiona. Lakini bei iliyopandishwa na ukame wa Brazil itashushwa na mvua ya Brazil, na tayari imeshuka kutoka kule juu.

Ya pili ni dhahabu. Imeipita kahawa kwa thamani ya mauzo ya nje, na mwaka huu bei yake imepita dola 4,000 kwa wakia. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo haikuchimbwa Uganda, imepita tu, kwa hiyo msiihesabu yote kuwa ni yetu. Ya tatu ni wale wawekezaji wa nje. Wamerudi, maana asilimia 16 ya Kampala inapendeza tena Marekani wanaposhusha. Fedha hiyo ndiyo ile iliyokimbia Februari 2024. Itakimbia tena siku moja, na hawatatuandikia barua.

Juu ya mafuta ya Hoima nitasema machache. Bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, linakaribia kuisha, na serikali inasema mafuta ya kwanza yatatoka 2026. Uzalishaji kilele ni mapipa 230,000 kwa siku. Tumeahidiwa tarehe nyingi tangu yalipogunduliwa 2006. Yakija yatasaidia shilingi, lakini mradi ulipangwa wakati bei ikiwa juu kuliko leo, na kodi za miaka ya mwanzo zitapunguzwa na gharama ambazo kampuni zinarudisha kwanza. Hofu yangu kubwa ni kwamba Bunge litazikopea fedha hizo kabla hazijafika.

Dunia kwa jumla inakwenda kwa mwendo wa wastani. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria mwezi Oktoba kwamba uchumi wa dunia utakua kwa asilimia 3.2 mwaka huu na 3.1 mwakani. Ushuru wa Marekani umewasumbua Lesotho na Kenya wenye viwanda vya nguo kuliko sisi. Kwa mtu wa Busia, soko la maana ni Kenya, na kipimo cha maana ni shilingi ya Kenya, ambayo kwa sasa inacheza karibu na 28. Nitaitazama Nairobi zaidi ya ninavyoitazama Washington, kwa sababu 2027 nao wana uchaguzi.

Hapo mwenyekiti alifungua nafasi ya maswali. Mawili naona yanafaa kuandikwa.

Kijana mmoja wa kubadili fedha aliuliza kama ni busara kuweka mtaji wote katika shilingi za Kenya, kwa kuwa ameona zikipanda kutoka 24 hadi 28. Nilimwambia: mwanangu, aliyenunua Januari 2024 alipata, na aliyenunua 2022 kwa 32 akasubiri hadi leo bado ana hasara. Kama kazi yako ni kubadilisha, weka zote mbili kwa kiasi cha wateja wako wa siku mbili tatu. Ukizidisha hapo umeacha kubadilisha, umeanza kubahatisha. Na ninyi wa mahindi, mkiuza ng'ambo leo badilisheni leo, isipokuwa kiasi mtakachonunulia bidhaa za kurudi nacho.

Mama wa kikundi cha mukene aliuliza kama kikundi kinaweza kuwa upande wa mwenye lori, yaani kuikopesha serikali badala ya kushindana nayo. Kinaweza. Kiwango cha chini cha kununua hati za hazina au hati fungani ni shilingi laki 1, na benki yoyote ya biashara itawafungulia akaunti ya kuzishikia. Hati za hazina ni za siku 91, 182 na 364. Kodi inakatwa asilimia 20 ya riba, na kwa hati za miaka kumi na kuendelea ni asilimia 10. Nilimshauri waanze na za siku 182 kwa fedha ambayo kikundi hakiigusi, waone jinsi inavyoingia na kutoka, kabla ya mtu yeyote kuwauzia ya miaka kumi na tano. Akauliza na ile waliyoichanga kwa ajili ya ada ya muhula wa kwanza. Hiyo nikamwambia waiache kwenye akaunti ya kawaida, hata kama haizai kitu, kwa sababu shule zinafunguliwa Februari na hati ya siku 91 iliyonunuliwa leo inaiva Machi.